Bibi na Usiku wa Ombaomba: kisa cha nyumba moja ya Des Moines

Tarehe 31 Oktoba 2024, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, sebule ya dada yangu hapa Des Moines, jimbo la Iowa, ilikuwa imejaa. Wageni karibu arobaini, masufuria matatu makubwa jikoni, viti vya kuazima kanisani, na mtoto wa miaka minne mwenye masikio ya sungura aliyekuwa akilia kwa kwikwi, kwa sababu kila mtu mzima aliyemshika mkono alimwambia, "Subiri kidogo." Wageni walikuwa wamealikwa saa kumi na mbili. Jiji nalo lilikuwa limetangaza kwamba watoto, wakiwa wamevaa nguo za kuigiza, watapita nyumba kwa nyumba kupokea pipi za Halloween kuanzia saa hiyo hiyo hadi saa mbili. Kabla hatujakubaliana nani aende na nani abaki, kengele ya mlango ikalia.

Kisa chenyewe ni jioni hiyo, lakini hakieleweki bila miaka minane iliyoitangulia, kwa hiyo nitaanzia mbali kidogo. Naandika kwa sababu kila mwaka, mwezi wa tisa ukielekea kuisha, akina mama wa kwetu waliofika Marekani karibuni hunipigia simu na swali lile lile: hii Halloween tuwaruhusu watoto, au tuwafungie ndani? Sina jibu la neno moja. Ninachoweza kuwapa ni habari za nyumba hii, ambazo nimeziona kwa macho yangu tangu siku ya kwanza. Majina ya watu nayaacha.

Nyumba na watu wake

Ni nyumba ya watu wanane: dada yangu, shemeji, watoto watano, na Bibi, mama mzazi wa shemeji. Mimi nakaa mtaa wa pili. Watoto huniita mama mdogo. Sote ni watu wa Baraka, mji wa Fizi ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, Kivu ya Kusini, nchini Kongo. Vita vya mwaka 1996 vilipotufikia tulivuka ziwa kwa boti tukashukia Kigoma, na kutoka hapo tukapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Tukakaa miaka ishirini. Watoto watatu wakubwa wa dada walizaliwa kambini, wawili wadogo ni wa hapa. Mwaka 2016 tukaletwa Iowa.

Shemeji anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, dada anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na wote wawili wanaingia kwa zamu. Hilo nalitaja makusudi. Sherehe ya nyumba kama hii hupangwa kwanza na karatasi ya zamu iliyobandikwa kwenye friji.

Oktoba ya kwanza

Kwa asili Halloween ni mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba 1. Desturi zake nyingi zilikuja Marekani na wahamiaji wa Ayalandi, hasa waliokimbia njaa ya viazi ya miaka ya 1840. Kwao walizoea kuchonga taa kwenye tanipu, mboga ya mzizi. Huku wakakuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga, na taa ikahamia humo. Hayo nimeyasoma baadaye. Mwaka ule wa kwanza hatukujua lolote. Tulichokiona ni mti wa jirani.

Tulikuwa tunarudi dukani kwa miguu, Bibi mbele na mfuko wa unga, mjukuu mmoja pembeni yake. Kwenye mti wa nyumba ya kona palikuwa pananing'inia mtu. Nguo zina damu, kichwa kimelala begani. Bibi aliuweka ule mfuko chini, polepole sana, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Akamgeuza mjukuu uso na kumkumbatia ndani ya kitenge chake. Hakupiga kelele. Hatua kumi mbele sote tuliona ni sanamu ya plastiki, pambo la Halloween, na mwenye nyumba, mzee mmoja wa rika la Bibi, alikuwa amesimama barazani akitupungia mkono kwa furaha. Bibi hakupita tena pale kwenye kona hadi theluji ilipoanguka.

Mzee yule hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na sisi hatukuwa na Kiingereza cha kumweleza. Lakini nataka mzazi yeyote anayesoma hapa alishike hili. Watu wengi wa kwetu wakikataa Halloween husema ni mambo ya pepo, na pengine wanaamini hivyo. Chini ya neno pepo, mara nyingi, kuna maiti walizoziona kwa macho yao, ambazo hawajawahi kumsimulia mtu.

Jambo la pili lilikuwa boga. Mtoto mmoja alirudi nalo kutoka shuleni, akakaa chini na kisu kidogo, akakata mfuniko, akakomba nyama na mbegu zote akazitupa kwenye ndoo ya taka ili abaki na ganda la kuweka mshumaa. Bibi alisubiri watoto walale. Akaiinua ile nyama kutoka kwenye ndoo, akaiosha mara tatu, akaichemsha kwa chumvi. Asubuhi tulimkuta mezani anakula peke yake. Yale maboga makubwa ya kuchonga yana majimaji na nyuzinyuzi, hayana utamu, na uso wake ulionyesha. Hata hivyo alimaliza sahani. Mtu aliyepanga foleni ya mgao kwa miaka ishirini, akahesabu vikombe vya mahindi na maharage kila mwezi, unamwelezaje kwamba hapa kuna boga la kula na boga la kutupa?

La tatu ndilo lililofunga mlango kabisa: jina. Miji mingi ya Marekani watoto hupita nyumba kwa nyumba tarehe 31. Des Moines ilikuwa na usiku wake, tarehe 30. Asili yake ni mwaka 1938, ambapo vijana waliharibu mali za watu usiku wa Halloween kiasi kwamba polisi walipokea simu zaidi ya 500. Kathryn Krieg, aliyesimamia burudani za jiji, akaja na wazo la kuwapa watoto usiku wao wenye utaratibu: wapite mapema, wapewe kitu kidogo, ila kwanza waimbe, watoe shairi au wachekeshe. Usiku huo ukaitwa Beggars' Night. Mkalimani kwenye kikao cha wazazi alitafsiri jina kama lilivyo: Usiku wa Ombaomba.

Bibi aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Kisha akasema mbele ya wote, "Mimi nimeomba miaka ishirini. Wajukuu wangu hawataomba."

Tarehe 30 Oktoba 2016 taa ya barazani ilizimwa, na kwa Marekani taa iliyozimwa usiku huo maana yake hapa hapagongwi. Watoto walikaa gizani nyuma ya pazia wakiangalia wenzao wa shule wakipita na mifuko.

Nyumba yangu haina mlango

Kilichobadilisha mambo si maelezo ya mtu mzima. Dada alijaribu kumweleza Bibi habari za Watakatifu Wote. Bibi ni Mkatoliki, Novemba 1 anaijua vizuri, na Novemba 2 ya Marehemu Wote anaijua zaidi. Akasikiliza, akasema sawa, na msimamo wake ukabaki pale pale. Historia ya jambo haimsogezi mtu ambaye moyo wake umeumia kwa jambo lenyewe.

Mwaka 2017 binti mkubwa alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwalimu alikuwa amewaambia kwamba Des Moines huwezi kufika mlangoni ukanyoosha mfuko tu. Mwenye nyumba atakudai mzaha. Wenzake walikuwa nayo mingi, ile ya kuchezea maneno ya Kiingereza, ambayo ukiitafsiri inakufa. Yeye hakuwa na hata mmoja. Alichokuwa nacho ni vitendawili vya Bibi. Akaniomba nimpeleke nyumba chache tu, bila Bibi kujua, na nakiri nilikubali.

Nyumba ya pili ilikuwa ya kona. Ule mti sikuutazama. Mzee alifungua, akakunja mikono kifuani kama hakimu, akasubiri. Binti akamwambia kwa Kiingereza, taratibu, "Nyumba yangu haina mlango."

Mzee akafikiri. Akaangalia juu, akaangalia chini, akaona boga lake kubwa kwenye ngazi. "Boga!" Binti akalitazama lile boga lenye macho na meno yaliyochongwa, ndani mshumaa unawaka. Akamjibu kwamba hili limeshapasuliwa dirisha, kwa hiyo amekosea. Mzee akacheka mpaka akashika nguzo. Akajaribu tena, akashindwa. Binti akasema, "Basi nipe mji," kwa Kiswahili, kwa sababu ndivyo inavyosemwa na hakujua namna nyingine. Mzee hakuelewa neno, akaelewa mkono. Akampa chokoleti mbili. Ndipo akaambiwa jibu ni yai.

Tuliporudi alishindwa kutunza siri. Akamsimulia Bibi yote, na Bibi alikuwa na swali moja: "Alishindwa?"

"Alishindwa, Bibi."

"Akakupa mji gani?"

Mtoto akatoa chokoleti kwenye mfuko, akaiweka kwenye kiganja cha Bibi. Bibi akaigeuza, akaisoma kana kwamba imeandikwa jina la mahali, akaanza kucheka.

Nimelifikiria tukio hili miaka yote, na kwa maoni yangu ndipo kisa kilipogeukia. Aliyelelewa na vitendawili anajua sheria yake: anayetega anatoa kitu kwanza. Anayeshindwa ndiye anayedaiwa, na analipa kwa mji. Hakuna ombaomba katika mchezo huo. Kathryn Krieg, alipoweka sharti kwamba mtoto atoe kitu kabla ya kupewa, alikuwa ameweka sharti ambalo Bibi alilijua tangu utotoni kwenye ukingo wa Tanganyika, ila lilikuja limefunikwa na jina baya. Watoto wetu walipoingia kwa mlango wa kitendawili, aibu ikaondoka. Mwaka uliofuata Bibi ndiye aliyewafundisha vya kwenda navyo: kila niendapo ananifuata, kuku wangu katagia mibani. Hicho cha pili, nanasi, Iowa nzima haijapata kukitegua.

Usiku uliobaki mtupu

Sherehe yenyewe ilianza mwaka 2018, na ilianza kwa sababu ya kalenda. Des Moines ikiwa imemaliza mambo yake tarehe 30, tarehe 31 ilikuwa usiku wa kimya. Watoto wana pipi, wana nguo zao za kuigiza, na hakuna pa kwenda. Dada akasema tuite watu. Mkesha wa Watakatifu Wote. Bibi anaujua, kanisa haliwezi kugomba.

Kanisa liligomba kidogo. Shemeji ni mzee wa kanisa kwenye usharika wa Kipentekoste, na mchungaji alikuja mwenyewe kuuliza. Shemeji hakubishana, alimwonyesha kanuni za nyumba. Hakuna maiti, hakuna damu, hakuna uchawi, hakuna bunduki hata ya plastiki. Watoto wavae wanyama wa hadithi za Bibi, au kazi wanazotaka kuja kufanya, au mtu wa Biblia. Mwaka mmoja rafiki wa shule alikuja amevaa kijeshi na bunduki ya kuchezea. Shemeji akaipokea kwa heshima kama anavyopokea koti la mgeni, akaiweka juu ya friji, akamrudishia wakati wa kuondoka. Kanuni hizi zimesemwa kuwa kali. Naziunga mkono zote. Nyumba ina haki ya kuchagua kinachochezewa ndani yake.

Yule mzee wa kona naye alikuja kujua habari za mti wake. Mwaka 2019 shemeji, kwa Kiingereza kilichokuwa kimeshanyooka, alimweleza kwa nini Bibi huvuka barabara akifika pale. Mzee hakusema neno. Jioni ile ile aliishusha sanamu, na tangu hapo huweka barazani sanamu ya kutishia ndege, imekaa kitini na kofia ya majani makavu. Yeye ni mgeni wetu wa kila mwaka. Hula mandazi sita, nimeyahesabu.

Msimu wenyewe huanza na Jumamosi moja ya mwanzo wa Oktoba, shemeji akiwa hana zamu. Tunaenda shamba la maboga nje ya mji. Pande zote mahindi yamekauka, mashine kubwa zinavuna usiku na mchana. Iowa ndiyo inayoongoza Marekani kwa mahindi, na mengi ni ya mifugo na ya kutengenezea mafuta ya magari. Mara ya kwanza Bibi alisimama ukingoni mwa shamba, akachuma punje, akaitafuna, akaitema. Kisha akauliza, kwa nini wanavuna Oktoba? Kwetu mvua za kwanza ndiyo zinaanza, jembe liko begani, mtu anapanda. Neno vuli lenyewe, ambalo vitabu vya shule hulitumia kwa msimu huu wa majani kupukutika, masikioni mwetu lina harufu ya mvua na udongo mbichi. Bibi hujikuta anahesabu miezi kwa shamba la Baraka huku anatembea kwenye shamba la Iowa.

Pale shambani dada alijifunza kutoka kwa mwenye shamba kwamba yapo maboga madogo, mazito, ya kula, na yale makubwa ya taa. Tangu hapo nyumba hii hununua ya kula mengi, na moja tu kubwa la kuchonga. Mbegu zote hukaangwa kwa chumvi. Maboga ya kula hupikwa kwa maziwa ya nazi na sukari kidogo, na baada ya sikukuu lile la kuchonga hupelekwa kwa mfugaji tunayefahamiana naye. Hakuna kinachoingia kwenye ndoo ya taka. Bibi husimamia hilo mwenyewe, na akimwona mtoto analalamika kukomba mbegu humwambia, "Ukipenda boga, penda na ua lake."

Nguo hushonwa na dada kwa vipande vya vitenge, na anashona kubwa makusudi. Mwisho wa Oktoba Iowa ni baridi. Ukimvalisha mtoto nguo nzuri ya simba, halafu ukafunika kwa koti, kazi yako imepotea. Simba wa dada huvaliwa juu ya koti. Chakula ni sombe (majani ya muhogo), wali, samaki akipatikana, mandazi na sambusa. Sombe ya karanga ina sufuria yake yenye kijiko chake, tangu mwaka ambao mama wa mtoto mmoja alituuliza mlangoni kama kuna karanga, na dada, badala ya kusema "kidogo tu", akamwambia ukweli na kumkaangia yule mtoto mayai.

Jioni ya 2024

Kwa miaka sita siku hizo mbili zilibebana vizuri. Tarehe 30 watoto wanatoka na mtu mzima mmoja. Tarehe 31 wote wako ndani. Halafu ikaja Oktoba 2024. Utabiri ulionyesha dhoruba ya radi jioni ya tarehe 30, na jiji likaahirisha hadi tarehe 31, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu 1938. Uamuzi ulikuwa sahihi. Watoto hawapitishwi barabarani kwenye radi. Lakini nyumbani ulimwaga mipango yote.

Dada, shemeji na mimi tulikaa mezani. Kuahirisha sherehe kulishindikana: shemeji alikuwa ameomba likizo ya siku moja, chakula kilishanunuliwa, na familia mbili zilikuwa zinatoka Cedar Rapids, mwendo wa saa mbili. Kuzima taa na kuwaambia watoto wasitoke, dada hakutaka hata kusikia. Alikumbuka pazia la 2016. Tukasema basi tugawane: mimi na shemeji tutoke na watoto, dada abaki na wageni. Ilisikika vizuri. Hatukuona kwamba wageni nao wangekuja na watoto wao, ambao nao wangetaka kutoka, na kwamba dada hawezi kuwa jikoni na mlangoni kwa wakati mmoja. Na kosa letu kubwa: tulituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp tukiwaambia siku zimegongana, hatukusema nini kifanyike. Kila familia ikaamua lake. Wengine walileta mifuko, wengine hawakuleta hata koti.

Ndiyo hiyo sebule niliyoanza nayo, na kengele inalia.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na kipasha joto. Hajawahi kukaa mlangoni usiku wa watoto. Hata baada ya 2017, yeye alikuwa wa kufundisha vitendawili, si wa kuwapokea watu waliojifunika nyuso. Akainuka, akajifunga kitenge cha pili mabegani, akasema, "Nileteeni kiti mlangoni. Mgeni hagongi akaambiwa subiri." Akamwita mjukuu wa pili, mvulana wa miaka kumi na miwili, awe mkalimani. Sisi wengine akatufukuza kwa mkono: "Nendeni, watoto wanalia."

Nilitoka na watoto kumi na wawili, simba watatu, daktari, sungura na wengine. Kwa hiyo sehemu ya kwanza sikuiona, nimesimuliwa na dada. Watoto wa mtaa walifika mlangoni wakiwa na mizaha yao tayari, wakamkuta bibi kizee aliyenyoosha kidole na kusema, "Kitendawili!" Wakanyamaza. Mvulana akawaambia mnatakiwa kujibu "Tega". Baada ya makundi kama matano, watoto waliotangulia walikuwa wanawafundisha waliofuata njiani, na wengine walikuja wanapiga kelele "Tega!" kabla hawajapanda ngazi. Wageni ndani waliacha maongezi. Kila Bibi alipotega, sebule nzima iliitikia pamoja na watoto wa nje.

Saa moja na nusu pipi zikaisha. Tulinunua kwa hesabu ya mtaa wetu, na mlango wa Bibi ulikuwa umevuta watoto wa mitaa miwili. Dada akaleta sinia la mandazi ya moto, na hapa tulikosea tena, ingawa kwa moyo mwema. Mama mmoja alirudisha mkono wa mtoto wake taratibu, akashukuru, akaondoka. Baba mwingine alipokea, akaweka mfukoni. Marekani usiku huu mtoto hapewi kitu kisicho na karatasi ya kiwandani, kwa hofu ya sumu. Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, amefuatilia taarifa hizo kwa miongo mingi, kuanzia za mwaka 1958, na hajathibitisha kifo hata kimoja cha mtoto kutokana na pipi za mtu baki. Lakini hofu haiombi ushahidi, na mlangoni saa ile si mahali pa kumfundisha mzazi wa mtu. Bibi aliona mkono ukirudishwa, akanyamaza, akalifunika sinia kwa kitambaa. Kama ningekuwa na uwezo wa kurudisha jambo moja la jioni ile, ni hilo sinia.

Mzee wa kona ndiye aliyeokoa nusu saa iliyobaki. Aliona kundi limesimama kwetu, akazima taa ya kwake, akaja na bakuli lake lote la pipi, akalimimina kwenye mapaja ya Bibi. Kisha akafunua kile kitambaa na kuchukua andazi.

Tulirudi saa mbili kasoro dakika tano, sungura amelala begani kwangu. Mlangoni kulikuwa na mtoto wa mwisho, na moyo wangu ulishtuka nilipomwona kwa nyuma: nguo nyeusi, mifupa myeupe imechorwa mgongoni. Nilijua usoni kuna fuvu. Nilitaka kuwahi. Bibi alikuwa ameshika mikono ya kiti, vidole vimekaza.

"Mwambie avue uso huo nimwone," alimwambia mjukuu.

Mvulana akatafsiri. Yule mtoto akasukuma kinyago juu ya paji la uso. Alikuwa na miaka sita hivi, meno mawili ya mbele hana, pua inatiririka kwa baridi. Bibi akavuta pembe ya kitenge chake, akampangusa. Halafu akakaa sawa.

"Kitendawili changu nimekimaliza," akasema. "Atoe yeye."

Mtoto akatoa mzaha wake kwa Kiingereza, haraka haraka, nusu ya maneno yakipitia kwenye pengo la meno. Mjukuu akajaribu kuugeuza kwa Kiswahili, akashindwa, akacheka. Bibi akageuka kuitazama sebule. Hakuna aliyejua. Akageuka nje, akanitazama mimi, nikatikisa kichwa.

"Nimeshindwa," akasema Bibi. Akachota pipi kwa mikono yote miwili, akazimimina kwenye mfuko wa mtoto. "Mwambie nimempa mji. Mwambie achukue Baraka."